Chevelle ya Barabarani Iwekwe Injini Gani? Uchambuzi wa LS3

Karibuni wadau. Leo tunaingia kwenye swali ambalo kila mwenye gari la misuli la Kimarekani anaulizwa, na mwenyewe anajiuliza: boneti ikifunguliwa, ndani ikae injini gani? Nazungumzia gari la barabarani. Chevelle, Camaro ya 1969, Nova, Pontiac GTO. Gari unaloliwasha asubuhi ukaenda nalo kazini, ukakaa nalo kwenye foleni ya Houston mwezi wa nane huku kiyoyozi kinapuliza, na Jumamosi ukampakia mama watoto mkasafiri mbali. Gari la kushindana robo maili lina hesabu zake, hilo tutaliacha.

Jibu langu nawapa mapema: kwa Chevelle ya barabarani, mimi naweka LS3, V8 ya Chevrolet, mpya ya kreti (injini nzima inayouzwa ndani ya kasha kutoka kiwandani), na kamshafti yake ya kiwandani, yaani mhimili unaofungua vali, naiacha humo humo. Sasa kaeni niwaeleze, maana najua mashabiki wa bigi bloku, zile V8 za zamani zenye bloku kubwa, mmeshakunja uso.

Tuanze na namba, kwa sababu namba ndizo zinazowachanganya watu wengi. Chevelle SS ya 1970 yenye injini ya 454 (ukubwa kwa inchi za ujazo) ya aina ya LS6 iliandikwa nguvu za farasi 450. Ni injini kubwa kweli, lita 7.4, naiheshimu sana. Lakini zile farasi 450 zilipimwa kwa utaratibu wa zamani, injini ikiwa peke yake kwenye stendi, haijafungwa ekzosi ya gari wala vifaa vinavyoinyonya nguvu. Kuanzia 1972 viwanda vya Marekani vikawa vinaandika nguvu ya injini iliyovaa kila kitu. Tazameni Corvette: mwaka 1971 ile 454 ya LS5 iliandikwa farasi 365, mwaka 1972 injini ileile ikaandikwa 270. Kwa hiyo mtu akikuambia LS3 yenye farasi 430 ni ndogo kuliko 454 ya 1970 yenye farasi 450, mwambie hizo ni rula mbili tofauti. LS3 imepimwa kwa utaratibu mpya, ule mkali.

Pamoja na hayo, farasi za kileleni si kitu ninachokitazama kwanza. LS3 inafika farasi 430 kwenye mizunguko 5900 kwa dakika. Sasa niambieni, barabarani ni lini mguu wako unafika 5900? Mara chache sana. Maisha ya gari la mtaani yako kati ya mizunguko 1500 na 4000: kuondoka kwenye taa, kuingia barabara kuu, kulipita lori. Hapo kinachokusukuma mgongo ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha, na torki inatakiwa ianze chini. LS3 inatoa niutoni-mita 575 kwenye mizunguko 4600, lakini raha yake ni kwamba inaanza kuvuta mapema kabla ya hapo, na haina shimo katikati. Ukikanyaga kwenye gia ya tatu, inakwenda.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotelea. Mtu ananunua injini nzuri kabisa, halafu anabadilisha kamshafti anaweka ya shari, ili gari likiwa sailensa (limesimama, injini inazunguka bila kukanyaga mafuta) liungurume kwa kudunda, watu wageuke. Sauti ni tamu, sikatai. Lakini kamshafti ile inaacha vali za kuingiza na za kutoa zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu zaidi. Kwenye mizunguko ya juu hilo linasaidia. Kwenye mizunguko ya chini, hewa inapotea, torki inashuka, na vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) inakuwa dhaifu. Na vakyumu ndiyo inayoisaidia busta ya breki! Unafika kwenye foleni, unakanyaga breki, pedali inakuwa ngumu kama ukuta. Gari zito la chuma la 1970, mwendo mdogo, na breki haikusaidii. Hapana. Kama gari ni la kubeba familia, ridhika na sailensa iliyotulia.

Haya, sogezeni macho karibu na injini yenyewe. LS3 ni V8 ya lita 6.2. Ilianza na Corvette ya 2008, kisha ikaingia kwenye Camaro SS ya gia za mkono kuanzia 2010. Bloku ni ya alumini yenye slivu za chuma, na silinda hedi ni za alumini pia. Ukiinyanyua utaona tofauti na injini ya 350 ya Chevrolet ya zamani ya chuma kitupu: makumi ya kilo yamepungua puani mwa gari, na usukani unalijua hilo. Chini, kila kofia ya beringi kuu imekamatwa na bolti sita, nne kwa wima na mbili zikipenya kutoka ubavuni mwa bloku. Krenki haina pa kuchezea. Disitributa haipo. Kila silinda ina koili yake ya moto, nane kwa jumla, kwa hiyo ile kazi ya kuhangaika na kofia ya disitributa na platini kila mara imekwisha. Na lifta zake, vile vipande vinavyosukumwa na kamshafti ili vali zifunguke, ni za rola.

Hilo la lifta msilipite haraka. Injini nyingi za zamani, hata baadhi ya za kreti za bei ya chini kama ile 350 ya farasi 290, zina lifta bapa zinazosuguana moja kwa moja na kamshafti. Zamani oili ilikuwa na zinki na fosforasi ya kutosha kulinda msuguano ule. Oili za kawaida za siku hizi zimepunguziwa, kwa sababu madini hayo yanaharibu katalitiki ya ekzosi. Ukiweka oili ya dukani tu kwenye injini ya lifta bapa, hasa siku za mwanzo inapozoeshwa, unaweza kula kamshafti nzima, na unga wa chuma ukazunguka kwenye beringi zote. Ukiwa na rola, hofu hiyo huna. Hiyo ndiyo sababu kubwa ninayowaambia: hata ukichagua injini ya mtindo wa zamani, chagua yenye rola.

Sasa mambo ya kuifunga, kwa sababu kuna LS3 nyingi zinalaumiwa bure wakati kosa ni la ufungaji.

Tazameni hapa, juu ya silinda hedi, pembeni mwa inteki, upande wa mbele. Mnakiona kibomba hiki chembamba kinachounganisha hedi ya kushoto na ya kulia? Hiki ni cha kutoa mvuke. Maji ya kupoza yakizunguka kwenye hedi, mapovu ya mvuke hukusanyika sehemu ya juu kabisa, na yakibaki pale chuma kinapata moto mahali pamoja. Kibomba hiki lazima kirudishwe kwenye rejeta, sehemu ya juu, au kwenye tenki la akiba la maji. Matundu ya nyuma kiwandani yamezibwa, hayo yaacheni. Ila la mbele usilizibe! Fundi anaona rejeta ya zamani haina pa kulichomeka, anatia plagi, anafunga boneti. Geji ya joto inaonyesha sawa, kumbe ndani hedi inachemka kipembeni, na siku moja gasketi inakwenda. Mwambie fundi atoboe na kuweka kibomba cha kuchomekea mpira (nipo) kwenye rejeta. Kazi ndogo kabisa.

Rejeta yenyewe iwe ya alumini, pana, na feni za umeme zenye kava linalofunika uso wote wa rejeta. Huku Texas, na nyinyi mlioko Muscat mnaonitazama, najua kule V8 za Kimarekani zinapendwa, joto la mchana halisamehe rejeta ya mwaka 1970.

Mafuta nayo. Kabureta ilikuwa inalishwa na pampu ya mekanika kwa presha kama psi 6 hivi. LS3 inataka psi 58, na isiyumbe. Kwa hiyo pampu ya zamani haina kazi tena. Kuna wanaofunga pampu ya umeme nje, chini ya chasisi. Inafanya kazi, lakini inapiga kelele, na siku ya joto kali mafuta yanaweza kugeuka mvuke kabla hayajafika, gari likaanza kumisi. Mimi nasema nunua tenki jipya lenye pampu ndani. Pampu ikizama kwenye petroli inapozwa na petroli hiyo hiyo, na inadumu. Mipira yote ya mafuta ya zamani itoeni, maana petroli ya hapa Marekani ina ethanoli na inaila mipira ya kizamani taratibu hadi inavuja juu ya ekzosi. Na kwa kudhibiti presha, mafundi wengi wanatumia filta ya Corvette ya C5 (kizazi cha tano) yenye regyuleta ndani yake. Rahisi, na inapatikana.

Oktani: LS3 ina mgandamizo wa 10.7 kwa 1, ipewe 91 au zaidi. Angalizo kwa walioko Oman na Afrika Mashariki: 91 inayoandikwa kwenye pampu za Marekani imepimwa kwa njia nyingine, inalingana takriban na 95 ya kwenu. Usijaze 91 ya Muscat ukadhani ndiyo ile.

Sampu ya oili ya Corvette au ya Camaro mpya itagonga fremu ya mbele ya Chevelle. Kuna sampu zilizotengenezwa maalumu kwa magari ya zamani, nunua hiyo tangu mwanzo. Maunti za injini, bamba za kuunganishia zipo. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) na waya zake, chukua seti kamili ya kiwanda. Usikate na kuunga waya za gari lililogongwa kama huna uzoefu.

Kwa nini basi nisichague ZZ6? Swali zuri, na ndiyo injini inayonivutia zaidi baada ya LS3. Ni 350 ya mtindo uleule wa zamani, farasi 405, lifta za rola, hedi za alumini, na inaingia kwenye maunti za Chevelle kama ilivyozaliwa. Toleo la kabureta halitaki kompyuta. Kama unapenda sura ya zamani boneti ikifunguliwa, au fundi uliye naye ni wa kabureta, ichukue kwa moyo mmoja. Ila asubuhi ya baridi na kwenye milima ya Colorado, LS3 yenye injekta itaishinda kabureta kwa kutulia na kwa ulaji wa mafuta.

Bigi bloku ya kreti ya 502, lita 8.2, takriban farasi 500: torki yake inakufanya ucheke peke yako. Lakini ni nzito, inakula, na joto lake chini ya boneti ni kubwa. Kwa gari la Jumapili, sawa.

Mfuko mdogo? Tafuta LQ4 au LQ9, lita 6.0 za malori na za Escalade za miaka ya mwanzoni mwa 2000. Bloku ya chuma, nzito kidogo, ngumu kufa. Fungua inteki uangalie sensa mbili za noki (za kusikia injini ikigonga) zilizokaa kwenye mashimo chini yake. Maji hutuama pale na zinaota kutu. Zibadilishe kabla injini haijaingia garini. Na ukinunua injini yoyote ya ukoo huu wa LS iliyotumika, uliza kama ina mfumo wa kuzima silinda nne safarini. L99 ya Camaro ya gia otomatiki inao, na lifta zake zinajulikana kwa kuleta matatizo. Ipite.

Wenye Mustang za miaka ya 60: Coyote ya lita 5.0 ni injini safi, ila ina kamshafti nne juu, ni pana, na minara ya shokapu inaibana. Ama ukate, ama ubaki na 302 au 351 Windsor. Wenye Challenger na Charger, Hemi ya kreti ya 392 ina farasi 485, na gari linabaki ndani ya ukoo wake.

Neno kwa mwenye bahati: kama Chevelle yako ni SS ya 1970 na LS6 iliyomo ndiyo iliyozaliwa nayo, namba zinalingana, usiitoe. Itengeneze hiyo hiyo. Kuna miili mingi ya Chevelle Malibu isiyo na injini ya maana, hiyo ndiyo ya kuifanyia kazi ya leo.

La mwisho ni giaboksi. Giaboksi za zamani za TH350 zina gia tatu tu. Ukiwa na difu (gia za ekseli ya nyuma) ya 3.73 na tairi la inchi 26, maili 70 kwa saa injini inazunguka karibu 3400 safari nzima. Weka giaboksi yenye gia ya nne ya 0.70, inashuka hadi kama 2400. Hapo unaweza kuongea na mwenzako bila kupaza sauti. 4L60E, giaboksi otomatiki ya gia nne, ya kawaida itahangaika nyuma ya LS3. Tafuta iliyoimarishwa, au 4L80E. Kwa gia za mkono, T56 au TKX.

Niandikieni chini gari lenu ni la mwaka gani, difu ni ngapi na tairi inchi ngapi, nitawapigia hesabu ya mizunguko mmoja mmoja.