Treni ya Dodoma–Dar imeniacha, na nina maneno

Nianze na kondakta, treni itafuata. Basi lilitoka Tabora alfajiri. Tiketi yangu ya SGR ya mchana, Dodoma kwenda Dar, iko kwenye simu, na kwenye buti nina madumu mawili ya asali ya harusi ya mdogo wangu. Itigi tukaambiwa chai, dakika ishirini. Ikawa saa nzima, dereva na kondakta wamejichimbia kwenye supu. Nikamfuata kwa adabu: kaka, nina treni ya kuwahi. Hata macho hakuinua. "Mama, kama una haraka ungepanda ndege." Abiria wakacheka. Miezi imepita, kauli hiyo bado inaniwasha.

Hadi Manyoni, kila tuta la reli mpya lilipojitokeza dirishani nililitazama kama pilau ya jirani.

Dodoma nafika stesheni, dumu kila mkono, geti limefungwa. Treni yenyewe naiona! Nikamwambia kijana wa getini, nisaidie mwanangu, si bado ipo? "Pole mama, hii haingoji mtu." Kasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Sisi wa Tabora tunaishi na treni tangu Mjerumani aifikishe 1912. Tumezoea yenyewe ichelewe, nawe uchelewe, mkutane. Treni gani inaondoka saa iliyoandikwa? Nikaiponda pale pale, nikaapa siipandi.

Nikapanda ya jioni. (Nauli mara mbili, hiyo iko kwa kondakta hadi kiama.) Basi niseme ukweli: asali haikumwagika hata tone, na kisa cha Itigi sijakimaliza kumsimulia mama wa kiti cha pili, tukawa Morogoro. Zamani ukitoka kwetu kwa treni unalala njiani na kuamka bado uko njiani. Nyota tano.

Au tatu. Imezinduliwa rasmi Agosti 2024, na abiria inawaishia Dodoma. Sisi, na wenzetu wa mwisho wa reli kule Kigoma, tunaambiwa ujenzi unaendelea. Unaendelea kweli, nimeuona kwa macho. Ila leo mtu wa Tabora anayeitaka hiyo treni lazima kwanza apite mikononi mwa yule bwana wa supu.

Kurudi nikakuta basi ni lile lile. Itigi sikushuka kwenye kiti.