Kompyuta ya gemu imezeeka? Kadi na monita ninazoshauri, kuanzia namba moja

Wakuu, naona wengi wenye mashine za Intel i5 na i7 za kizazi cha 4 wanakimbilia kadi kubwa ya picha (GPU) afu gemu linakwama vilevile. Kabla hujatoa hela fungua kava la ubavuni uiangalie pawa saplai, ina stika pale. Achana na ile namba kubwa iliyoandikwa kwa mbwembwe, tafuta mstari wa 12V, chukua ampea zidisha kwa 12, hizo ndo wati ambazo kadi na prosesa watagawana. Ikisema 18A maana yake una wati 216 tu, hata kama juu pameandikwa 500. Afu angalia kama kuna waya wa pini 6+2 (zikiungana zinakuwa 8) kwa ajili ya kadi, na pima nafasi kwa rula, manake kadi nyingine zinagota kwenye sehemu ya hadi diski.

Sasa kadi.

Namba 1 kwangu ni RX 6600. Ina memori yake ya 8GB na inakula wati kama 132, waya mmoja tu wa pini 8, kwa hiyo pawa saplai nzuri ya wati 450 inaibeba bila shida, na kwa 1080p gemu nyingi inazicheza setingi za juu. Inatumia njia 8 za PCIe (lile tundu refu la kadi kwenye bodi) lakini kwenye bodi yenye PCIe 3.0 unachopoteza ni kidogo sana, wala usihangaike nacho.

Namba 2 ni RTX 3050, ile ya 6GB. Hii ni ya wale wenye kompyuta za ofisini ambazo pawa saplai yake huwezi kuibadilisha kirahisi. Inakula wati 70, inachukua umeme wote kwenye bodi yenyewe, na nyingi hazitaki waya wowote wa ziada. Ni dhaifu kuliko RX 6600, hilo lijue mapema, ila kwa mashine hizo sioni mpinzani wake.

Namba 3 GTX 1660 Super, kwa yuzdi tu, 6GB bado zinatosha ukishusha setingi kidogo. Namba 4 RX 580 ya 8GB, inakimbia ila inakula wati 185 na nyingi zimechimbishwa sarafu za mtandaoni (kripto) miaka, kwa hiyo usinunue kabla hujaiona ikicheza gemu zito angalau nusu saa mbele yako, sikiliza na feni.

Za kukwepa kwenye mashine ya zamani ni RX 6400 na 6500 XT, zina njia 4 tu za PCIe, na ukizichomeka kwenye bodi ya 3.0 kasi ya njia inakatika nusu, zikijaa zile 4GB gemu linaanza kushtuka shtuka. Intel Arc nazo zinataka Resizable BAR (setingi ya bodi inayoiruhusu prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mara moja) ambayo bodi nyingi za enzi hizo hazina.

Upande wa monita sina mjadala mrefu: 1080p, paneli (aina ya kioo) ya IPS, 144Hz yaani skrini inabadilisha picha mara 144 kwa sekunde, yenye FreeSync (inaifanya skrini iende sawa na kasi ya kadi ili picha isikatike) na tundu la DisplayPort. Kadi za NVIDIA kuanzia GTX 10 nazo zinaikubali FreeSync tangu Januari 2019, kwa hiyo hulazimiki kulipia monita yenye moduli ya G-Sync, ambayo ni kazi hiyohiyo ila ya NVIDIA wenyewe. Paneli ya VA inafuata, weusi wake mzuri sana ila kwenye sehemu za giza picha inaacha mkia ukigeuka haraka, TN chukua tu kama bajeti imebana kweli. 1440p iache kwanza, ni pikseli milioni 3.7 badala ya milioni 2.1, na prosesa yako ya zamani haikusaidii kitu hapo, mzigo wote unaangukia kadi.

Hela ikitosha kimoja anza na kadi, monita ya 60Hz ivumilie. Bodi iweke bios (programu inayoiwasha bodi) ya karibuni kabla hujachomeka, manake baadhi zinakataa kadi mpya, skrini inabaki nyeusi tu. Na ukishanunua monita ingia setingi za Windows uchague 144 mwenyewe, mdogo wangu alikaa na yake wiki tatu ikiwa 60, siku nilipombadilishia alisogeza mausi mara moja tu akanigeukia. Waya wa monita uchomeke kwenye kadi yenyewe, sio lile tundu la juu kwenye bodi.