Viatu vya Kwenda Msitu wa Mvua: Kabla ya Kulipa, Bonyeza Soli

Kiatu cha kulia ndicho kilichotangulia. Tulikuwa tunashuka kutoka maporomoko ya Sanje, katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, mvua imetoka kukatika, nikahisi mguu unakanyaga kitu laini kama mkate. Kuinua mguu, soli imebaki kwenye tope. Haikupita nusu saa, cha kushoto nacho kikafuata. Nilimaliza mteremko ule viatu vimefungwa kwa vipande vya khanga niliyoichana, na nyuma yangu njia nzima imetapakaa povu la kijivu. Kijana aliyekuwa anatuongoza akawa anayaokota mabonge yale na kuyatia mfukoni, bila kusema neno.

Hilo linaniuma mpaka leo. Nilikuwa nimejiandaa nisiache hata karatasi ya peremende: chupa ya chuma, sabuni ya kipande, chakula kwenye hotipoti, nguo kwenye mfuko wa kitambaa. Halafu takataka ikawa imevaliwa miguuni.

Vilikuwa vya mtumba, jina kubwa la Ulaya, ngozi safi kana kwamba havijavaliwa mara tatu. Muuzaji alianzia 120,000, tukamalizana 65,000, akiapa kwamba ni gredi ya kwanza, ametoka kufungua balo asubuhi ileile. Niliporudi Dar es Salaam nikampelekea fundi wangu. Alisugua ukingo wa soli kwa kidole tu. Juu ni kiwi nyeusi, chini yake ni supa glu iliyomiminwa kuziba ufa. Aliyeniuzia alijua anachokifanya.

Nilipoisimulia habari hiyo hapa, wasomaji wanne waliniandikia kisa kilekile, kutoka misitu ya Amani, Kakamega na Bwindi. Mmoja wao hakununua mtumba kabisa. Chake kilikuwa kipya, cha dukani, kimekaa kabatini miaka saba kikisubiri safari.

Kwa hiyo sitazungumzia kama kiatu kinaingiza maji au hakiingizi. Ndilo swali la kwanza la kila mnunuzi, na kwenye msitu wa mvua halina uzito mkubwa, maana yasipopitia chini yatapitia juu. Muulize muuzaji swali moja: kati ya ngozi na soli ya mpira kumewekwa nini?

Viatu vingi vya kupandia milima vina tabaka la povu la poliyurethani hapo katikati. Ni jepesi, linapunguza mshindo, na jipya linavalika vizuri sana. Lakini unyevu wa hewani hulivunjavunja taratibu kutoka ndani, na joto huharakisha kazi hiyo. Si lazima kiatu kivaliwe, hata kikikaa kwenye boksi lake kinaoza. Umri wake kwa kawaida ni miaka mitano mpaka kumi tangu kitoke kiwandani. Sasa hesabu safari ya mtumba: amekivaa mtu Ujerumani mara mbili, kimelala kabatini miaka sita, kimetolewa msaada, kimefungwa kwenye balo, kimevuka bahari ndani ya kontena, kimekaa kwenye ghala la Dar es Salaam kwenye joto letu hili. Kinapopangwa mezani, ngozi bado inang'aa na povu limeshakufa.

Kukagua hakuchukui dakika. Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba pale ukingoni, juu kidogo ya soli ya mpira. Povu zima linarudi lilivyokuwa. Lililooza linabaki na alama, linanata, au linatoa unga. Kisha kikunje kiatu kwa nguvu, utazame mikunjo kwenye mwanga. Ukiona nyufa nyembamba kama za udongo wa shamba wakati wa kiangazi, rudisha mezani. Funua na ulimi wa kiatu, baadhi vina lebo yenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Muuzaji akikukataza kukunja, ondoka zako.

Baada ya yote hayo, ninachokinunua mimi ni gambuti, na gambuti zenyewe ni za Bata. Nasema waziwazi kwamba nawapendelea, na hawajanilipa chochote. Kiwanda chao kipo Limuru, hapo Kenya, si upande wa pili wa dunia. Gambuti humiminwa kwenye kalibu ikatoka kitu kimoja, haina povu la kuoza wala soli ya kubanduka. Jozi yangu niliinunua 2016. Imeingia Amani mara mbili, imelima shamba la mama yangu Muheza, imevuka mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam. Ni plastiki, ndiyo, sitaficha hilo. Lakini plastiki inayofanya kazi kila msimu kwa miaka mingi siwezi kuiweka fungu moja na kiatu cha laki nne kinachovaliwa siku tatu za likizo kikarudi kabatini kuoza. Angalia tu meno ya soli yawe marefu, maana mawe ya Sanje yanateleza, na ijaribu ukiwa na soksi nene ndefu. Ikikupwaya, kwenye mteremko vidole vitagonga mbele mpaka kucha zibadilike rangi.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niipende gambuti, nayo inahusu msitu wenyewe. Kusini mwa milima hiyohiyo ya Udzungwa, kwenye korongo la Kihansi, aliishi chura mdogo wa njano anayezaa badala ya kutaga, na hakuwahi kuonekana pengine popote duniani. Wanasayansi walimgundua 1996. Kuanzia 2000 maji ya mto yalielekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu ya maporomoko yakapungua. Mwaka 2003 idadi yake ikaporomoka ghafla, na kuvu anayeua vyura akakutwa miongoni mwao. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini, na waliokuwa wakilelewa Marekani ndio walioanza kurudishwa 2012. Kuvu yule anaweza kusafiri kwenye tope la viatu. Mbegu za magugu nazo zinasafiri hivyohivyo. Gambuti unaisugua kwa brashi na ndoo moja ya maji, unaianika juani, imetakata. Kiatu cha kitambaa chenye mishono ishirini kinahama na tope la msitu mmoja mpaka mwingine.

Nafasi ya pili nampa fundi. Viatu vyangu vile vya Sanje alivikwangua povu lote, akakata soli ya tairi, akaishona kuzunguka kwa msharasi na uzi wa nailoni. Alinitoza 18,000. Ni vizito na havikauki haraka, lakini nimetembea navyo Amani siku mbili kamili bila mshono hata mmoja kuachia. Ukipata ngozi nzuri ya mtumba yenye povu bovu, shusha bei mpaka ya ngozi peke yake, kisha mpelekee fundi.

Ukitaka kipya cha dukani, tafuta chenye povu la EVA, aina nyingine ya povu la plastiki. Hilo husinyaa likizeeka ila halimeng'enywi na unyevu kama lile jingine. Kwa bei, jiandae kukasirika. Mwezi uliopita nilikuta jozi kwenye duka moja la vifaa vya safari, 480,000, na muuzaji hakujua soli imetengenezwa kwa nini. Nilipobonyeza kwa ukucha akaniambia nitaharibu bidhaa. Kwa laki nne na themanini?

Raba za bei chee sizipangi. Katambuga ni nzuri kwa jioni kambini, ila usiingie nazo msituni kwenye siafu na upupu.

Malalamiko yangu ya mwisho yanawahusu wenye maduka ya gambuti. Wanawake tunalima, tunapanda milima na tunaongoza watalii, lakini duka baada ya duka saizi zinaanzia 39. Mimi navaa 37. Ile jozi ya 2016 niliipata baada ya kuzunguka Kariakoo siku nzima, na dada zangu wawili bado wanatafuta.