Pedali za Shimano PD-M520: Misimu Miwili ya Mashindano Kwenye Vumbi na Matope

Kila mara ninapomsaidia mtu anayejiandaa kwa mashindano yake ya kwanza ya baiskeli, naona fedha zikitengwa kwanza kwa ajili ya fremu na magurudumu, ilhali pedali, ambako nguvu zote za miguu hupitia kabla ya kufika kwenye mnyororo, huachiwa muuzaji aamue. Mpangilio huo si sahihi, na ndiyo sababu nimeona inafaa kuandika kwa kirefu kuhusu jozi moja ya pedali ambayo wengi huipita dukani bila kuitazama mara mbili. Nilizinunua Nairobi zikiwa zimetumika kidogo, kwa shilingi 5,500, na tangu hapo nimezikanyaga kwa misimu miwili: mazoezini kwenye barabara ya Magadi inayoteremka kutoka Kona Baridi na kwenye vilima vya Ngong, na mashindanoni mara saba, katika njia za changarawe zenye urefu wa kati ya kilomita 60 na 140.

PD-M520 ni pedali za kunasa, yaani kiatu hufungwa kipande kidogo cha chuma chini ya soli, ambacho waendeshaji hukiita kliti, na kliti hiyo huingia kwenye taya za pedali na kushikwa na springi. Ukitaka kunasua mguu, unazungusha kisigino kuelekea nje. Wazo la kumshika mwendeshaji kwa namna hii bila mikanda lilitoka kwenye viatu vya kuteleza thelujini, pale kampuni ya Look ya Ufaransa ilipotoa pedali zake mwaka 1984, na Bernard Hinault akazitumia kushinda Tour de France mwaka uliofuata. Shimano walileta mfumo wao wa SPD mwaka 1990 wakiwalenga waendeshaji wa milimani, na tofauti kubwa waliyoileta ilikuwa kuifanya kliti kuwa ndogo, yenye skrubu mbili, na kuizamisha ndani ya soli ili mtu aweze kutembea. PD-M520 ni mrithi wa kawaida kabisa wa wazo hilo: hunasa pande zote mbili, ekseli yake ni ya chuma, na jozi ina uzito wa gramu 380.

Neno hilo, kutembea, ndilo kiini cha hukumu yangu, kwa sababu mashindano tunayoshiriki wengi wetu huku si mashindano ya lami safi. Septemba 2025, dunia nzima ilipotazama mashindano ya ubingwa wa dunia ya barabara yakifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika, wanaume walikimbia kilomita 267.5 kwenye vilima visivyokwisha, na katika mashindano ya aina hiyo pedali kubwa za barabarani zenye kliti ya skrubu tatu zina mantiki kamili, maana mwendeshaji hutarajiwa kukaa juu ya baiskeli tangu mstari wa kuanzia hadi wa kumalizia. Lakini mwendeshaji wa Nakuru, wa Kajiado au wa Arusha anayejiandikisha kwa mashindano ya changarawe anakwenda mahali pengine kabisa. Migration Gravel Race, yanayofanyika Maasai Mara tangu mwaka 2021, huwapitisha washiriki takriban kilomita 650 kwa siku nne, na mtu yeyote aliyewahi kukanyaga udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua anajua kwamba ipo saa ambapo baiskeli hubebwa begani. Mashindano ya changarawe yamewafungulia vijana wetu mlango ambao timu za barabarani za Ulaya ziliufungua kwa shida sana, mlango ambao marehemu Suleiman Kangangi, mwendeshaji Mkenya na nahodha wa timu ya baiskeli ya Amani, aliupigania hadi alipofariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Nasikitika ninapoona kijana mwenye mapafu na miguu ya kushindana akipoteza dakika kumi kwenye korongo lenye mawe kwa sababu amevaa viatu vya barabarani, ambavyo kliti zake za plastiki huteleza juu ya jiwe na kuchakaa kwa kila hatua anayopiga.

Barabarani, tofauti niliyoihisi kwanza ilikuwa kwenye njia mbaya, si kwenye mlima kama nilivyodhani. Kabla ya hapo nilitumia pedali bapa, na kwenye mteremko wenye mabati, yaani yale matuta madogo yanayofuatana kwenye barabara za murami, nyayo zangu zilikuwa zikirukaruka, nami nikilazimika kupunguza mwendo ili nizirudishe mahali pake. Mguu ukiwa umenasa, mikono hulegea, macho huangalia mbali zaidi, na mtu huweza kuendelea kukanyaga pale ambapo zamani alikuwa akijishikilia tu. Mlimani faida ipo, ingawa ni ndogo kuliko inavyovumishwa: huwezi kuivuta pedali juu kwa saa tatu mfululizo, lakini kwenye mpando mkali wa ghafla, gurudumu la nyuma linapokaribia kuteleza, mguu unaoweza kusaidia hata kidogo unapopanda juu hukuwezesha kumaliza bila kushuka.

Pande mbili za kunasa zina thamani ambayo huonekana zaidi katika dakika ya kwanza ya mashindano. Watu mia moja wanapoondoka kwa pamoja kwenye njia yenye upana wa gari moja, anayeinama kutafuta upande sahihi wa pedali huachwa, au, jambo lililo baya zaidi, humgonga aliye mbele yake. Kwa pedali hizi unakanyaga tu, unasikia mlio mfupi, na safari imeanza.

Nakuja sasa kwenye marekebisho, ambayo ningeomba kila mnunuzi ayasome polepole, kwa kuwa humo ndimo watu wengi huumia. Kila upande wa kila pedali una skrubu ndogo ya kukaza springi, inayozungushwa kwa spana ya L ya milimita 3, na kwa kuwa pedali ni mbili na kila moja ina pande mbili, skrubu ni nne, wala haifai kurekebisha moja ukaziacha nyingine. Mimi nilizikaza zote kupita kiasi kabla ya mashindano yangu ya pili, nikidhani kwamba mshiko mkali ni dalili ya uzito wa nia, na kwenye kivuko cha mto nikaanguka upande wa kulia nikiwa nimenasa miguu yote miwili. Mkono ulichubuka tangu kiwiko hadi kiganja. Nilizilegeza hadi mwisho, nikafanya mazoezi ya kunasua mguu nikiwa nimeegemea ukuta, kisha uwanjani kwenye nyasi, na baada ya wiki tatu ndipo nilipoongeza mzunguko mmoja baada ya mwingine. Anayeanza azilegeze kabisa. Shimano wenyewe hutengeneza kliti za aina mbili zinazofaa hapa: SH51, ambayo huachia mguu kwa kuzungusha kisigino kuelekea nje peke yake, na SH56, ambayo huachia kwa pembe nyingi zaidi, hata mguu ukivutwa juu kwa nguvu. Kwa mashindano nachagua SH51, kwa sababu sitaki mguu uchomoke nikiwa nimesimama kwenye pedali katika mbio za mwisho, lakini kwa mwezi wa kwanza wa kujifunza SH56 ni rafiki mwema.

Goti ni habari nyingine. Kliti huruhusu mguu kucheza kidogo kushoto na kulia, ila mchezo huo ni wa nyuzi chache tu, hivyo kliti ikifungwa kombo, goti ndilo linalolipa, tena halilipi siku hiyo hiyo. Mimi maumivu yalinijia wiki ya nne, upande wa nje wa goti la kushoto, baada ya safari ya kilomita 110. Niliyekosea ni mimi: nilizifunga kliti zote mbili zikitazama mbele sawasawa kama rula, wakati mguu wangu wa kushoto kwa maumbile yake hutazama nje kidogo. Njia iliyonisaidia ni rahisi. Nilikaa juu ya meza, miguu ikining'inia bila kulazimishwa, nikatazama kila mguu unaelekea wapi, nikaipa kliti pembe ile ile. Kisha nikapapasa ule mfupa uliotuna nyuma ya kidole gumba cha mguu, nikauwekea alama nje ya kiatu, na kuhakikisha kwamba ekseli ya pedali inapita chini yake au nyuma yake kidogo. Tangu hapo goti halijauma tena. Ukishapata mahali panapokufaa, chora mpaka wa kliti kwenye soli kwa kalamu ya wino mzito, maana siku utakayoibadilisha utaushukuru mchoro huo.

Udhaifu wa pedali hizi ni matope, na hapa sitaki kumficha msomaji lolote. Taya ni ndogo na mwili wa pedali umezizunguka, kwa hiyo udongo mweusi unaonata, ukichanganyika na nyasi, hujaa ndani na kuizuia kliti kuingia. Kwenye mvua za Aprili nimewahi kukanyaga mara sita bila kunasa. Vumbi kavu, mchanga na murami wenye maji havizisumbui kabisa. Shida ni ule udongo unaofinyangika. Anayejua kwamba mashindano yake mengi yatafanyika katika udongo wa aina hiyo afikirie pedali zilizo wazi zenye kunasa pande nne, ambazo hupitisha tope kwa urahisi zaidi, ingawa kwa kawaida hudai kufanyiwa huduma mara nyingi zaidi. Mimi hubeba kijiti cha mwanzi mfukoni mwa jezi, nacho hukwangua tope la kwenye kliti kwa sekunde chache, na kabla ya mashindano ya mvua hupaka taya mafuta mazito kidogo ili udongo usishike mapema.

Kuhusu uzito, gramu 380 ni nyingi ukilinganisha na pedali za gharama kubwa, na wapo watakaokuambia kwamba hilo latosha kuzikataa. Sikubaliani nao. Tofauti yenyewe haifikii uzito wa nusu chupa ya maji, na fedha utakazookoa zinalipia ada ya mashindano mawili pamoja na nauli ya kwenda na kurudi.

Matunzo yake ni madogo kuliko ya kifaa kingine chochote nilicho nacho kwenye baiskeli. Gololi za ndani zinaweza kufunguliwa, kusafishwa na kupakwa grisi mpya, mradi uwe na kile kifaa cha plastiki chenye meno kinachofungua nati ya ekseli; muulize fundi wako kama anacho kabla hajaanza kushika koleo, kwa kuwa nati hiyo nayo ni laini na koleo huiharibu mara moja. Nimefanya hivyo mara moja tu kwa misimu miwili, na grisi niliyoikuta ilikuwa bado na rangi yake. Unapozifunga, kumbuka kwamba pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume, hivyo hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa, na anayelazimisha huharibu krenki, yaani ule mkono wa alumini unaoshika pedali, ambao bei yake inazidi ya pedali zenyewe kwa mbali. Weka grisi kwenye nyuzi kila unapozifunga. Kinachochakaa ni kliti: zangu nilizibadilisha baada ya msimu wa kwanza, nilipoona kwamba mguu unaachia mapema kuliko nilivyokusudia na kwamba ncha ya mbele imelika kutokana na kutembea juu ya mawe.

Viatu navyo havitenganishwi na pedali. Jukwaa la PD-M520 ni dogo, kwa hiyo mwenye soli laini huhisi pedali ikimchoma unyayo baada ya saa mbili. Tafuta soli ngumu ya nailoni yenye meno ya raba. Soli ya kaboni si lazima, na kwenye kubeba baiskeli mlimani huteleza zaidi. Kwenye soko la Gikomba, Nairobi, nimeona viatu vizuri vya mitumba vya aina hii, ila kagua sahani ya chuma iliyo ndani ya soli inayoshika skrubu za kliti, kwani kutu ikishaila hakuna kliti itakayokaa. Chukua namba inayoacha nafasi kidogo mbele ya vidole, sababu miguu huvimba kwenye joto la bondeni. Nilivyovinunua mwanzoni vilinibana, na kule chini kuelekea Olorgesailie ilinibidi nishuke nilegeze kamba mara mbili.

Kwa mshiriki wa mashindano ya changarawe mwenye bajeti ya kawaida, anayejua kwamba atashuka na kubeba baiskeli walau mara moja, hizi ndizo pedali ningemnunulia ndugu yangu. Kwa anayekimbia lami pekee, achukue za skrubu tatu. Zangu zimepoteza rangi nyeusi pembeni kwa kugongwa na mawe, springi bado zina nguvu ile ile, na Jumamosi ijayo nazifungia kliti mpya kwa ajili ya kilomita 120.