Ruta ya 4G yenye «300» kwenye boksi: tathmini baada ya wiki nne Mkomani, Lamu

Ruta niliyoinunua kwa shilingi 6,500 katika duka moja la simu hapa Lamu ina namba 300 iliyochapwa kubwa juu ya boksi, na muuzaji alinihakikishia kuwa hiyo ndiyo kasi ya intaneti nitakayoipata nyumbani. Chombo chenyewe si kibaya. Maelezo niliyopewa ndiyo yasiyo sahihi, na jambo hili linaniuma kwa sababu majirani zangu wawili wamekwisha kuinunua kwa maneno hayohayo.

Hizo 300 ni megabiti kwa sekunde, nazo ni upeo wa mawasiliano ya hewani baina ya ruta na simu zilizomo nyumbani, wala hazihusu kinachotoka kwenye mnara wa simu. Hata humo ndani hazifikiwi, kwa kuwa vifaa vyote hupokezana zamu katika hewa moja, na sehemu kubwa ya kasi huliwa na kupokezana huko. Upande wa laini, karatasi ya maelezo inataja kwa herufi ndogo 4G ya daraja la 4, ambayo upeo wake ni 150 za kupakua na 50 za kupakia. Matundu ya waya yaliyo nyuma hayapitishi zaidi ya 100. Basi hata mnara ungenihudumia mimi peke yangu, 300 zisingefika. Tena mnara ni wa mtaa mzima: baada ya Isha, kila mtu anapokuwa mtandaoni, nilipima nikapata 7, ilhali alfajiri, ruta ikiwa palepale, nilipata 31.

Kisha kuna nyumba. Zetu za mawe ya matumbawe na chokaa zina kuta nene zinazodhoofisha mawimbi vibaya, na ruta nilikuwa nimeiweka kwenye kidaka cha chini, mahali pazuri kwa macho tu. Mama, aliye chumba cha ndani, alikuwa akizungumza na mjukuu wake wa Mombasa huku picha ikiganda, mdomo wa mtoto ukiwa wazi na sauti imekatika. Niliipandisha ruta darini, kwenye dirisha linaloelekea mnara, nikateremsha waya kupitia kando ya boriti hadi chumbani kwake, nikaufunga kwenye ruta kuukuu iliyokuwa kabatini. Sasa anapata 22 mchana, na mazungumzo hayakatiki.

Anayepakua mafaili akumbuke pia kwamba megabiti 8 hufanya megabaiti 1, kwa hiyo 22 zangu ni kama megabaiti 3 hivi kwa sekunde.

Kwa nyumba ya watu wanne wanaotegemea laini, ningeinunua tena kwa bei hiyohiyo. Mwenye faiba, yaani intaneti ya waya, ya zaidi ya 100 asiichukue, kwani matundu yake yatambana.