Benzi la kizamani au Mark X? Kabla ya kulipa, bonyeza mpira

Mwaka juzi nilinunua gari la zamani, jina lake nalihifadhi. Rangi inang'aa, injini inawaka mara moja, dalali anaapa kwa mama yake. Masika yakaanza. Kila nikikanyaga breki nasikia maji yakichezacheza miguuni kama nimepanda mtumbwi. Fundi bodi alipoinua zulia, bisibisi ilipenya sakafu kama inakata mkate wa kumimina.

Kwa hiyo ulaji wa mafuta na bei ya spea waulize wengine. Mimi nina neno moja: mipira ya kuzibia maji. Wa kioo cha mbele, ya milango, wa buti. Jua la Dar likishaukausha, maji yanapenya taratibu kwenye kona ya kioo, yanateremka nyuma ya dashibodi na kutulia kwenye sponji chini ya zulia. Juu pakavu, chini bati linaliwa. Na usidanganyike na kilomita chache. Gari lililoanikwa uani miaka mitano mipira yake imekwisha hata kama halijafika Kibaha.

Kipimo ni noti. Iweke mlangoni, funga, ivute. Ikitoka bila kubishana, mpira umekufa. Rudia kila mlango, muuzaji akununie akitaka.

Katika magari ya zamani ya kununua, namba moja kwangu ni Mercedes-Benz W123, lile la 1976 hadi 1986. Ndiyo, napendelea, wala sifichi. Nalo hushikwa na kutu chini ya mpira wa kioo cha mbele, tena sana, ila mpira mpya wa kioo hicho bado unaagizika. Usikubali ule wa "kufanana nao". Injini ya 230E ina nguvu farasi 136 tu, lakini mlango wake ukiufunga, unatoa mlio wa kabati la bibi.

Toyota Mark X ya lita 3.5, toleo la 2009 hadi 2019, ina nguvu farasi 318. Kwa mbio hakuna mjadala. Vioo vya milango vimezungukwa na fremu, mpira unabanwa sawasawa, ndani pakavu. Kwa haki ingekuwa ya kwanza. Lakini mwongozo ni wangu.

Subaru Legacy B4 za hadi 2009 ni tamu, na zenye tabo ni tamu zaidi, ila vioo vya milango havina fremu: ukingo wa kioo unaegemea mpira mtupu. Ukilegea, barabara ya Morogoro utasikia filimbi, na mvua ikija bega linalowa. Pima noti mara mbili.

Peugeot 504 ilishinda Safari Rally 1975 na 1978. Ukiipata kwa bei rahisi, inua zulia. Basi.

Kinachoniudhi ni bei. Siku hizi mtu akitamka "klasiki" anaongeza milioni kadhaa kwenye gari ambalo juzi kuku walikuwa wanatagia kiti cha nyuma. Dalali naye anakula kwa muuzaji, anakula kwako, na bado anadai hela ya kukuonyesha. Wa kwangu nilimpigia nikamwomba arudishe hata nusu ya chake. Akacheka.

"Sasa dada, kwani nilikuuzia mwavuli?"