Ketorolaki ilinisaidia bega, lakini Ijumaa ilikuwa mwisho

Kwanza niseme hii dawa ya maumivu inafanya kazi jamani. Jumatatu nilikuwa nimebebwa na boda kutoka Kondele, mvua imetoka tu kunyesha, tukateleza kwenye matope nikaangukia bega la kulia, na mimi ni fundi wa nguo hapa Kibuye, bega la kulia ndio makasi ndio kila kitu. Eksirei ikaonyesha mfupa uko sawa ila lilikuwa limefura, hata blauzi ilibidi wanivue. Nikadungwa ketorolaki miligramu 30, na baada ya kama nusu saa nikaweza kuinua mkono nikajipangusa machozi mwenyewe.

Sasa karatasi ya kliniki iliandikwa tembe za miligramu 10, mara nne kwa siku, siku tano. Nikapeleka kemisti. Yule mama wa kemisti akaisoma akaniangalia, "Na sindano umedungwa lini?" Nikamwambia si sasa hivi tu. Akachukua makasi akakata tembe nne akazirudisha, nikabaki na 16. "Siku ya sindano inahesabiwa, dadangu. Zikiisha siku tano umemaliza, hata kama bado kunauma." Akaandika kwa kalamu nyekundu kwenye bahasha, IJUMAA MWISHO. Halafu maswali, uko na vidonda vya tumbo, figo, pumu, presha, una mimba, unatumia dawa za kufanya damu isigande? Kliniki hakuna aliyeniuliza hata moja na hiyo iliniuma sana, maana mamangu ana vidonda, angekuwa ni yeye je?

Vile alinielezea, hii dawa inazuia mwili kutengeneza kile kinacholeta uvimbe na maumivu, lakini hichohicho ndio kinalinda tumbo kwa ndani na kusaidia damu ifike kwenye figo, kwa hivyo ukiimeza siku nyingi tumbo linaweza kutoa damu na figo zikaumia. Choo kikiwa cheusi kama lami, au nitapike damu, au mkojo upungue, niende hospitali hapohapo nisingoje asubuhi.

Jumatano wifi yangu akaja kuniona na diklofenaki zake, ati niongezee usiku nilale vizuri. Alikuwa ananionea huruma kabisa lakini nilikataa, hizo ni familia moja na ketorolaki, pamoja na burufeni na aspirini, na zile dawa za kichwa za dukani nyingi zina aspirini ndani. Nikihitaji kuongeza niliambiwa ni panadoli tu.

Alhamisi nilichelewa kuamka nikameza na chai ya rangi bila kitu tumboni. Tumbo liliwaka mpaka saa sita! Kuanzia hapo ni uji wa wimbi kwanza ndio tembe, na maji mengi kwa hili joto la Kisumu, na hiyo siku nikameza tatu tu kwa sababu uvimbe ulikuwa umeshuka. Ijumaa moja.

Jumamosi bega lilikuwa bado linauma nikigeuka kitandani, lakini nikabaki na panadoli na kitambaa cha barafu. Zile tembe nne zilizobaki jirani aliziomba za mgongo wake, nikamwambia hapana mama, nenda uulizwe maswali kwanza. Nilizirudisha kemisti Jumatatu nikienda kufungua duka.